Lugha Hairithiwi kwa Damu: Safari za Wazungumzaji wa Kwanza wa Kihindi-Kiulaya

Mwezi Novemba mwaka 1915, vita vikiwa vimeikumba Ulaya nzima, mtaalamu wa lugha za kale kutoka Bohemia aitwaye Bedřich Hrozný alisimama mbele ya wasomi wenzake mjini Berlin akawaeleza kwamba amefaulu kuielewa lugha ya Wahiti. Vibao vya udongo vilivyoandikwa kwa lugha hiyo vilikuwa vikichimbuliwa kwa maelfu tangu mwaka 1906 katika magofu ya Hattusa, karibu na kijiji cha Boğazköy, katikati ya Uturuki ya leo. Kwa kuwa viliandikwa kwa mwandiko wa kikabari, ule ule uliotumiwa na Wababeli, sauti zake zilisomeka bila taabu kubwa, ila maana yake ilikuwa imefungika. Sentensi moja ndiyo iliyofungua mlango: "nu NINDA-an ezzatteni watar-ma ekutteni". Alama ya NINDA ilijulikana tayari, maana ilitoka kwa Wasumeri na maana yake ni mkate. Hrozný akajiuliza ni kitenzi gani kinachotarajiwa karibu na mkate, akaona jinsi "ezza-" inavyokaribiana na "essen" ya Kijerumani na "edere" ya Kilatini, zote zikimaanisha kula, na jinsi "watar" inavyofanana na "water" ya Kiingereza. Sentensi ilisema: sasa mtakula mkate na mtakunywa maji.

Wahiti, ambao wengi wetu tulilisikia jina lao kwa mara ya kwanza katika habari za Uria Mhiti, walikuwa basi wakizungumza lugha yenye undugu na Kijerumani, Kigiriki, Kiajemi na Kihindi. Tena ndiyo lugha ya ukoo huo iliyoandikwa mapema kuliko zote. Majina na maneno ya Kihiti yanaonekana hata katika barua za wafanyabiashara wa Ashuru waliokaa mji wa Kanesh yapata mwaka 1900 K.K., karne nyingi kabla ya tungo za Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, kuandikwa. Nimeanza na Wahiti kwa sababu, kwa maoni yangu, mtu asiyewaelewa wao hawezi kuelewa asili ya lugha za Kihindi-Kiulaya, yaani lugha za ukoo huo, na habari nyingi zinazosimuliwa juu ya asili hiyo huwaacha pembeni kwa kuwa wanaiharibu hadithi nyepesi ya wapanda farasi waliotoka nyikani wakaishinda dunia.

Wazo la kwamba lugha hizi ni za ukoo mmoja huhusishwa mara nyingi na William Jones, hakimu Mwingereza aliyehutubia mjini Kolkata mwaka 1786 na kusema kuwa Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vinafanana kiasi kwamba lazima vitakuwa vimetoka katika chanzo kimoja, ambacho huenda hakipo tena. Hakuwa wa kwanza kuuona mfanano huo, wala mfanano peke yake si ushahidi. Sisi tuzungumzao Kiswahili tunalijua hilo bila kufundishwa: sita, saba na tisa tumezipokea kutoka Kiarabu, wala Kiswahili hakikugeuka kuwa lugha ya Kisemiti kwa sababu hiyo. Kilichoifanya elimu hii kuwa sayansi ni kazi ya wanaisimu wa karne ya 19, akina Rasmus Rask, Franz Bopp na Jacob Grimm, walioonyesha kwamba tofauti baina ya lugha ndugu hufuata utaratibu. Palipo na "p" mwanzoni mwa neno la Kilatini au Kisanskriti, lugha za jamii ya Kijerumani, kikiwemo Kiingereza na Kigothi cha kale, huwa na "f": baba ni "pater" na "pitar" kule, ni "fadar" katika Kigothi, mguu ni "ped-" na "pad-" kule, ni "foot" katika Kiingereza. Utaratibu wa namna hii ndio ule ule uliowawezesha wanaisimu wa baadaye kuirudisha lugha mame ya Kibantu, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kibantu, ambapo tatu yetu husimama karibu na "ssatu" ya Kiganda na "gatatu" ya Kinyarwanda.

Uwezo wa njia hii ulithibitishwa kwa namna ambayo bado hunistaajabisha. Ferdinand de Saussure, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma Leipzig, alitoa kitabu chenye tarehe ya 1879 akidai kwamba irabu za lugha mame ya Kihindi-Kiulaya haziwezi kueleweka mpaka tukubali kuwa palikuwa na sauti fulani ambazo zilipotea katika kila lugha iliyojulikana wakati huo. Alizikisia kwa hesabu ya mpangilio tu, bila kuwa na hata neno moja lililozihifadhi, na wengi hawakumsadiki. Alifariki mwaka 1913, miaka miwili kabla ya hotuba ya Hrozný. Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz, Mpolandi, akaonyesha kwamba Kihiti kina sauti ya "h" nzito mahali pale pale ambapo Saussure alisema pana kitu kilichopotea: mfupa, ambao kwa Kigiriki ni "osteon", kwa Kihiti ni "hastai". Sauti zilizokisiwa na kijana mwenye kalamu na karatasi zilikuwa zimelala ardhini kwa zaidi ya miaka 3000, zikiwa zimeandikwa katika udongo.

Maneno yaliyorudishwa kwa njia hii hutueleza pia maisha ya waliokuwa wakiyatamka. Walikuwa na ng'ombe, kondoo na mbwa, walijua theluji, walijua asali na pombe yake. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba walikuwa na msamiati wa gari la kukokotwa: gurudumu, ekseli, nira, na kitenzi cha kubeba kwa gari. Gurudumu lilikuwa "cakra" kwa Kisanskriti na "kyklos" kwa Kigiriki, na maneno haya yana utaratibu wa sauti unaoonyesha kuwa yalirithiwa, hayakuazimwa. Ushahidi wa mapema wa magurudumu katika akiolojia hauendi nyuma sana ya mwaka 3500 K.K.; chungu cha Bronocice huko Polandi, chenye mchoro wa gari la magurudumu manne, ni cha wakati huo. Watu wasio na gurudumu hawawezi kuwa na jina lake, kwa hiyo lugha mame ilikuwa haijamaliza kutawanyika kufikia wakati huo. Wahiti, hata hivyo, waliliita gurudumu "hurki", neno lisilo na uhusiano na "cakra", ingawa neno lao la nira ni lile lile la ndugu zao. Ukiongeza na sarufi yao ambayo ni tofauti kwa mambo mengi, utaona kwa nini wanaisimu wengi wanasema tawi la Kihiti na jamaa zake liliondoka nyumbani kwanza, kabla ya gari kuenea.

Nyumbani kwenyewe ni wapi? Katika nusu ya pili ya karne ya 20 majibu mawili yalishindana. Marija Gimbutas, mwanaakiolojia Mlituania aliyeikimbia nchi yake wakati wa Vita vya Pili na kuhamia Marekani, alipendekeza mwaka 1956 kwamba wazungumzaji wa kwanza ni wale waliojenga vilima vya makaburi, viitwavyo kurgani, katika nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Colin Renfrew, mwanaakiolojia wa Cambridge, katika mwaka 1987, alisema hapana: lugha hizi zilienezwa na wakulima wa kwanza waliotoka Anatolia, yaani Uturuki ya leo, miaka kama 3000 kabla ya gurudumu kubuniwa. Hoja ya Renfrew ilikuwa ya busara, maana kilimo kweli kiliingia Ulaya kutokea huko, tena kikiletwa na watu. Udhaifu wake ulikuwa gurudumu. Wakulima walioachana miaka mingi kabla gurudumu halijabuniwa wangewezaje wote kulirithi jina moja?

Jibu lilikuja kutoka mifupani. Mwaka 2015 timu mbili, moja ya David Reich wa Harvard na nyingine ya Eske Willerslev wa Copenhagen, zilichapisha matokeo ya vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya watu wa kale wa Ulaya na Asia. Watu wa utamaduni wa Yamnaya, waliochunga katika nyika za Ukraine na kusini mwa Urusi kati ya takriban mwaka 3300 na 2600 K.K., walikuwa wamesambaza uzao wao mbali mno. Wale waliozikwa Ujerumani na vyungu vilivyopambwa kwa alama za kamba, kuanzia karibu mwaka 2900 K.K., walikuwa na asili ya nyikani kwa kiasi cha asilimia 75 hivi. Uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba Uingereza nayo, baada ya mwaka 2500 K.K., ilibadilika watu wake kwa kiasi cha asilimia 90 katika karne chache. Wale waliolijenga Stonehenge, lile duara la mawe makubwa, waliacha uzao mdogo sana. Gimbutas alikuwa amefariki mwaka 1994. Renfrew, aliyempinga kwa miaka mingi, alisimama Chicago mwaka 2017 akasema hadharani kwamba dhana yake Gimbutas imethibitika kwa fahari, na kitendo hicho cha mzee wa karibu miaka 80 nakiheshimu kuliko vitabu vyake.

Yamnaya walikuwa watu gani? Waliwazika wakuu wao katika mashimo, wakiwa wamelala chali, magoti yameinuliwa, mwili umepakwa udongo mwekundu wa ngeu, kisha kilima kikainuliwa juu yao. Baadhi walizikwa na magari yao. Gari la kukokotwa na ng'ombe ndilo lililowafungulia nyika, kwa sababu mchungaji aliyekuwa akilazimika kukaa kando ya mito sasa aliweza kubeba hema, maji na chakula na kufuata majani katikati ya uwanda. Utando wa meno yao, uliochunguzwa miaka ya karibuni, una protini za maziwa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Palikuwa na ugonjwa pia: vijidudu vya tauni vimeonekana katika meno ya watu wa zama hizo, na wapo wanaodhani kwamba vijiji vya wakulima wa Ulaya vilikuwa vimekwisha kudhoofika kabla wageni hawajafika. Sidhani kwamba hadithi ya jeshi moja lililoshuka na kuua kila mtu ina msingi, ingawa makaburi ya watu waliouawa pamoja yapo na hayapaswi kufichwa. Karne kadhaa zinatosha kwa kila aina ya tukio, la heri na la shari.

Upande wa mashariki safari zilikuwa ndefu zaidi. Kundi moja lilivuka nyika hadi milima ya Altai mapema kabisa, na wengi wanaliona kuwa ndilo chimbuko la Kitokari, lugha iliyokuja kuandikwa na watawa wa Kibudha katika bonde la Tarim magharibi mwa China kuanzia karibu karne ya 5 B.K. Tawi la Wahindi na Waajemi lilipita njia ya mzunguko: mababu zao walikwenda kwanza upande wa Ulaya, wakachanganyika na wakulima, kisha wakarudi mashariki mpaka kusini mwa milima ya Ural, ambako utamaduni wa Sintashta ulibuni gari jepesi la vita karibu mwaka 2000 K.K. Ni wakati huo pia ambapo farasi tunaowajua leo walianza kuenea. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba wote wanatokana na kizazi cha eneo la Volga na Don kilichosambaa baada ya mwaka 2200 K.K. hivi, karne nyingi baada ya Yamnaya kuingia Ulaya. Picha ya Yamnaya wakiiteka Ulaya juu ya migongo ya farasi haiendani vizuri na ushahidi huo.

Athari ya Wahindi-Waajemi hao inaonekana mahali pasipotarajiwa. Katika ufalme wa Mitanni, kaskazini mwa Syria, mfalme aliweka mkataba na Wahiti katika karne ya 14 K.K. akiwataja kama mashahidi miungu Mitra, Varuna, Indra na Nasatya, ambao ni miungu wa Rigveda, mkusanyiko wa tenzi za kale za kidini za Kihindi. Mfunza farasi aitwaye Kikkuli, wa ufalme huo huo, aliacha maelekezo yenye hesabu za mizunguko: "aika", "tera", "panza", "satta", ambazo anayejua Kihindi atazitambua papo hapo. Ama kuhusu India yenyewe, uchunguzi wa mwaka 2019 uliohusisha mabaki ya watu 523 wa kale ulikuta kwamba uzao wa nyikani uliingia huko kati ya mwaka 2000 na 1500 K.K., na mwanamke wa Rakhigarhi, aliyeishi wakati wa miji ya Bonde la Indus, hakuwa nao hata kidogo. Jambo hili limegeuzwa siasa kali nchini India. Wapo wanaoliona kama dharau kwa taifa lao, na wapo wanaolitumia kuwabagua wenzao. Naona pande zote mbili zinaudai ushahidi jambo usilolisema, kwa sababu miji hiyo ya Indus, kama Harappa na Mohenjo-daro, ilijengwa na mababu wa Wahindi wa leo sawasawa na waliotunga Rigveda.

Nimesimulia mambo ya vinasaba kwa urefu, na hapa ndipo msomaji anaweza kupotea akaona kwamba damu na lugha ni kitu kimoja. Gustaf Kossinna, mwanaakiolojia Mjerumani aliyefariki mwaka 1931, alifundisha kwamba kila mpaka wa vyungu ni mpaka wa taifa, na mafunzo yake yakatiwa katika kiini cha fikra za Wanazi. Neno "arya" ni jina ambalo watu wa kale wa Uajemi na India walijiita wenyewe. Mfalme Dario wa Uajemi alilichonga katika jabali la Naqsh-e Rustam akijitambulisha. Wanazi walilichukua wakalivisha Wajerumani, na kwa jina hilo wakawaua mamia ya maelfu ya Waroma, wanaoitwa pia Wajipsi, watu ambao lugha yao, Kiromani, imetoka India na ina haki ya kuitwa lugha ya Kiarya kuliko Kijerumani. Sijui kisa kingine katika historia ya isimu kinachouma kama hiki.

Ushahidi wenyewe unawakanusha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kufikia mwaka 2000 K.K. karibu mistari yote ya uzao wa kiume, wa baba kwa mwana, katika rasi ya Iberia ilikuwa imebadilishwa na ile yenye asili ya nyikani. Hata hivyo Wabaski, wanaobeba mistari hiyo hiyo kwa wingi, wanazungumza hadi leo lugha isiyo ya Kihindi-Kiulaya. Waetruski wa Italia walikuwa na uzao wa nyikani kama majirani zao Walatini, na lugha yao haikuwa na undugu na Kilatini. Kwa upande wa pili wapo Wahiti. Mifupa ya Anatolia ya Zama za Shaba ilichunguzwa, na uzao wa Yamnaya haukuonekana. Lugha ipo, damu haipo. Jambo hili liliwafanya baadhi ya watafiti warudishe chimbuko la kwanza kusini mwa Kaukazi. Mwezi Februari 2025 timu ya Reich ilitoa jibu lililo karibu zaidi na ninavyoamini: palikuwa na watu kati ya Kaukazi na Volga ya chini, ambao walichangia karibu sehemu nne kwa tano za uzao wa Yamnaya, na ambao kundi lao jingine liliingia Anatolia, pengine kwa upande wa mashariki, na kuacha huko angalau sehemu moja kwa kumi. Umoja wa mwisho wa lugha, kabla tawi la Kihiti halijaondoka, kwa makadirio yao, ulikuwa kati ya mwaka 4400 na 4000 K.K. Sehemu moja kwa kumi ya uzao, na ufalme mzima ukazungumza lugha yao.

Kwa nini basi lugha ya wageni ishinde mahali pamoja na ishindwe pengine? Naona jibu moja limo katika maneno ya ukwe. Lugha mame ya Kihindi-Kiulaya ina majina mengi ya jamaa za mume: shemeji ambaye ni ndugu wa mume alikuwa "devar" kwa Kisanskriti, "daer" kwa Kigiriki na "levir" kwa Kilatini, na mama wa mume naye ana jina lake. Majina ya jamaa za mke yaliyorudishwa ni machache mno. Msamiati wa namna hiyo ni wa jamii ambamo bibi harusi huhamia kwa mumewe, akazaa na kulea katikati ya wakwe. Makaburi ya bonde la Lech, karibu na Augsburg kusini mwa Ujerumani, yanasema vivyo hivyo kwa Zama za Shaba: wanaume walizaliwa hapo hapo, na wengi wa wanawake walikulia mbali, kama kemia ya meno yao inavyoonyesha. Mtoto wa nyumba hiyo alizungukwa na lugha ya baba, babu na nyanya, na mama yake mwenyewe alilazimika kujifunza.

Pwani yetu inatoa mfano wa kinyume, tena unaohusu lile tawi la Wahindi na Waajemi. Mwaka 2023 Esther Brielle, Chapurukha Kusimba, David Reich na wenzao walichapisha matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya Waswahili, ikiwemo Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Wengi wa watu hao wa miji ya pwani walikuwa na zaidi ya nusu ya uzao wao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa mama, na sehemu kubwa kutoka Asia. Katika sehemu hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Wanaume hao, au baba zao, walizungumza lugha iliyotoka moja kwa moja katika safari nilizozieleza, kutoka nyikani hadi Uajemi. Habari za Washirazi katika tarikhi za Kilwa zina msingi basi, lakini si ule msingi ambao waandishi wa kikoloni waliujengea madai kwamba miji hii ni ya wageni.

Wageni hao walifika kwa pepo za msimu, wakiwa wanaume wa biashara, katika miji iliyokwisha kuwa na watu wake, misikiti yake na ufundi wake. Walioa katika familia zilizokuwapo, na katika miji mingi ya pwani desturi imekuwa nyumba kuwa ya binti na mume kuhamia kwa mkewe, kwa hiyo mtoto alilelewa na mama, khalati na bibi. Uajemi ulituachia bandari, nahodha, nanga na serikali. Baada ya mwaka 1500 uzao wa Kiarabu ulizidi kuongezeka, maneno ya Kiarabu nayo yakaingia kwa wingi mkubwa zaidi, ilhali ngeli za nomino, viambishi vya vitenzi na hesabu ya moja hadi tano vilibaki vya Kibantu kama vilivyokuwa kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga.